Ukiletewa neno la mtu: ufanye nini kabla hujalipeleka mbele

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara na Lindi, kuanzia mwezi wa kumi hivi, vinaingia vitu viwili kijijini kwa pamoja, hela na maneno. Hela inasubiri mnada, inasubiri makato, inasubiri benki, lakini maneno hayasubiri kitu. Utasikia karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kala kilo za watu, fulani anapiga kangomba (ananunua korosho kwa magendo) usiku, yule mzee mikorosho yake inabeba hivyo kwa sababu kuna kitu kafukia shambani, yule binti kaonekana na dereva wa lori. Na wanaoyasema ndo sisi sisi tuliokaa mstari wa mbele kanisani Jumapili.

Sasa kuna mstari Wakristo wote tunaujua, wa Ndanda, wa Masasi, wa Lindi mjini, Wakatoliki kwa Wapentekoste, ule wa Mithali 18:21, "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi". Tatizo siku hizi tunaufundisha kama dawa ya kutamkia vitu, tamka gari, tamka nyumba, usitamke homa itakuja. Mi nasema wazi, hapo tumepotea. Soma sura yote ya 18 kwa utulivu, haichukui hata dakika tano. Mstari wa 5 unasema habari za kumpendelea mwovu na kumnyima mwenye haki haki yake hukumuni. Wa 8 unasema maneno ya mchongezi yalivyo matamu na yanavyoshuka mpaka tumboni. Wa 13, anayejibu kabla hajasikiliza. Wa 17, anayeanza kujitetea anaonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Wa 18 wanapiga kura kumaliza ugomvi, wa 19 ndugu aliyekosewa alivyo mgumu kumrudisha. Yaani sura nzima imejaa kesi na magomvi! Kwa hiyo mauti na uzima wa ulimi pale kwanza kabisa ni mdomo wa shahidi, mtu akisimama mbele za wazee akasema neno moja, mwenzake anakufa au anapona.

Ndo maana mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kitu kimoja tu, neno linalomhusu mtu ambaye hayupo hapo ulipo. Matusi ya ana kwa ana yana ubaya wake ila mtukanwa yupo, anaweza akajibu. Huyu asiyekuwepo hana mdomo, mdomo wake ni wewe.

Hatua ya 1. Ukisikia jina la mtu, jua umeshaitwa kwenye kesi

Hii ni hatua ya kichwani, ila ukiiruka zinazofuata zote hazitasaidia. Dakika ile mtu anakwambia "we, umesikia ya fulani?" tayari kuna mshtakiwa, kuna shahidi, na wewe umepewa kiti cha hakimu bila kuomba.

Soma habari ya Nabothi, 1 Wafalme 21, halafu ifikirie kwa shamba la mikorosho la urithi, maana ndo kitu kile kile. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la jirani yake, jirani anasema hapana, hili ni urithi wa baba zangu siliuzi. Yezebeli mke wa mfalme hakutuma jeshi. Aliandika barua, akapiga muhuri wa mfalme, akaagiza itangazwe siku ya kufunga, Nabothi akalishwe mbele ya watu, na watu wawili wasiofaa wakae mbele yake waseme amemtukana Mungu na mfalme. Wakasema. Wakamtoa nje ya mji wakampiga mawe akafa. Ilikuwa barua na mashahidi wawili, basi, hakuna upanga hata mmoja.

Na uangalie hapo kwenye kufunga. Uongo ule ulifunikwa na ibada. Sasa njoo jumuiya ndogo ndogo jioni ya leo usikie mtu anavyoanza, "jamani nina ombi, tumwombee dada yetu fulani, mjue kwamba siku hizi anatoka na mume wa mtu..." Mungu anamjua yule dada kwa jina, hahitaji kuelezewa na jumuiya. Ukitaka kumwombea mtu mwombee, taja jina au usitaje kabisa, sema "naomba tumwombee mtu mwenye shida nyumbani kwake", inatosha na sala inafika.

Hatua ya 2. Hoji neno kabla hujalibeba

Sisi wenye Biblia ya Kikatoliki tunayo Danieli sura ya 13, habari ya Susana. Wazee wawili tena waamuzi wamemsingizia mwanamke uzinzi, watu wameamini kwa sababu wasemaji ni wazee wa heshima, anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anapiga kelele njiani, anawarudisha watu wote, anawatenga wale wazee, anamuuliza kila mmoja peke yake, uliwaona chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Kesi ikaisha pale pale. Hakuhubiri, aliuliza swali dogo la kitu kinachoonekana kwa macho.

Fanya hivyo hivyo. Ukiambiwa karani kala kilo, usiseme "mh kweli jamani" (hiyo "mh" yako kesho itatajwa kama ushahidi). Uliza:

Nani kaona, wewe au umeambiwa? Kama umeambiwa, na nani?
Ilikuwa mnada wa ngapi, kilo ngapi zilipokelewa kwenye risiti na ngapi zimeonekana ghalani?
Unyaufu umeshahesabiwa? Maana korosho ikikaa inakauka na uzito unashuka, hilo kila mkulima analijua ila msimu wa hasira tunalisahau.
Makato umeyasoma au umeona tu hela iliyoingia benki ni ndogo?
Yeye mwenyewe ameulizwa?

Utashangaa, maneno mengi yanakufa kwenye swali la kwanza. Mtu anaanza "ah mi nimesikia tu", basi na wewe umwambie kwa upole, "basi dada tuliache hapo mpaka tujue". Na kama jirani yako ni Muislamu, maana huku pwani ndo wengi, wala usiogope kumwambia hivyo, dini yake nayo inakataza kusengenya vikali sana, atakuelewa bila mahubiri.

La uchawi nalo liweke hapa hapa. Mikorosho ikipukutisha maua mwaka huu na ya jirani imebeba, kabla hujamtaja mtu nenda kaangalie majani na maua yako kama yana unga mweupe. Huo ni ubwiri unga, ni ugonjwa, dawa yake salfa na kupuliza kwa wakati, na jirani yako pengine alipuliza mapema wewe ukachelewa. Kuna wazee, hasa kina mama wazee, wamehama vijiji kwa ajili ya sentensi ya namna hii iliyosemwa na mtu amekunywa uraka, pombe ya mabibo, kwenye kivuli cha mkorosho. Kumwita mtu mchawi hovyo ni kosa hata kwenye sheria ya nchi, ila hata isingekuwepo sheria, amri ya nane ipo, usimshuhudie jirani yako uongo.

Hatua ya 3. Ukishajua ni kweli, bado usiseme

Hapa ndo wengi tunabisha, "lakini si ni kweli?" Ukweli peke yake haukupi kibali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2477 inataja makosa matatu tofauti dhidi ya jina la mtu: kumhukumu haraka bila msingi, kumsingizia uongo, na hili la katikati ambalo hatulisikiagi sana mahubirini, kufichua kosa la kweli la mtu kwa watu wasiolijua, bila sababu ya haki. La kweli kabisa, na bado ni dhambi.

Soma Doegi, 1 Samweli 21 na 22. Daudi anamkimbia mfalme Sauli, anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, anamdanganya kwamba mfalme amemtuma kwa siri, kuhani maskini anampa mikate na upanga wa Goliathi. Doegi, mtumishi wa Sauli, alikuwepo siku ile. Akaenda kumwambia Sauli: nilimwona Daudi kwa Ahimeleki, kapewa chakula, kapewa upanga. Ukisoma habari yenyewe, chakula kweli alipewa, upanga kweli alipewa. Ila kakiacha kitu kimoja nje, kwamba kuhani hakujua kama Daudi anatoroka. Kwa kipande hicho kilichoachwa walikufa makuhani 85 siku moja, na mji wao ukapigwa, wanawake, watoto, mpaka wanyonyao.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili, ninayemwambia ana kazi gani na habari hii? Akiwa na kazi nayo, anaweza kumsaidia mhusika au kumlinda mtu mwingine, mwambie, na umwambie yote pamoja na ile sehemu inayomtetea. Kama hana kazi nayo zaidi ya kushangaa, nyamaza.

Ila sikia, na hapa niwe mkali kidogo. Kuna mambo kunyamaza ndo kuua. Mtoto anaharibiwa na mtu wa nyumbani, mke anapigwa kila wiki, hela ya wakulima inaibwa na ushahidi unao mkononi. Hapo usije ukaniletea Biblia ya "funika aibu ya ndugu yako". Mithali 31:8 inaagiza ufumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema. Ya mtoto peleka polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au piga 116 ambayo ni simu ya bure ya kumsaidia mtoto, au anzia kwa mtendaji wa kijiji ukiona atakusikiliza. Ya rushwa na wizi wa ushirika peleka TAKUKURU kwa 113, au ofisa ushirika wa wilaya, au simama kwenye mkutano mkuu wa AMCOS useme na karatasi zako mkononi. Na asitokee mzee wa kanisa kumwambia mtoto "nenda kaongee naye wewe na yeye peke yenu kama Yesu alivyosema". Maneno yale ya Mathayo 18 ni ya ndugu kwa ndugu aliyekukosea. Kumrudisha mtoto mikononi mwa mtu anayemwumiza hakumo humo.

Hatua ya 4. Nenda kwake mwenyewe

Hii ndo hatua tunayoikimbia kuliko zote. Tutamwambia padre, tutaambia jumuiya, tutaweka stetasi, tutavaa hata kanga yenye maneno, ila kwenda kwa mhusika hapana. Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Akikusikia umempata. Asiposikia ndo unachukua mmoja au wawili, kanisa ni la mwisho. Sisi tunaanzia mwisho tukirudi nyuma.

Stetasi ya mafumbo haihesabiki kama kumwonya mtu. Kijiji kizima wanajua unamsema nani, yeye akijibu unamwambia "kwani nimekutaja?" Huo ni ushahidi wa kufunga kinywa cha mshtakiwa, hata Nabothi angalau alimwona anayemshtaki. (Utani ni habari nyingine. Mtani akija msibani akamtukana marehemu na kudai jeneza, ana haki yake ya kimila na kila mtu anajua mpaka wake, siongelei huo.)

Namna ya kwenda:

Chagua saa. Abigaili, 1 Samweli 25, aliporudi kutoka kumzuia Daudi asiue nyumba yake yote alimkuta mumewe Nabali amelewa kwenye karamu. Hakumwambia neno hata moja mpaka asubuhi divai ilipomtoka. Kwa huku kwetu maana yake usiende jioni ya siku ya malipo na usiende kilabuni. Asubuhi kabla jua halijawa kali, mtu yuko nyumbani anajiandaa kwenda shamba, ndo saa nzuri.

Chagua njia. Akiwa rika lako nenda moja kwa moja. Akiwa mkubwa kwako, usikurupuke, huku kusini mjomba yupo kwa ajili hiyo. Mwambie mjomba wake au mtu anayemheshimu akutangulie kuomba nafasi, ila asimweleze jambo lenyewe, jambo utalisema wewe. Ukimweleza wa kwanza atamweleza wa pili na utakuwa umerudi kule kule.

Simu izime. Usirekodi. Mtu akijua anarekodiwa hasemi ukweli, anajitetea tu.

Anza na swali badala ya hukumu. Kwa karani wetu, kwa mfano, "Shikamoo kaka mkubwa. Nimekuja mwenyewe, sijamwambia mtu. Risiti yangu ina kilo hizi, kwenye malipo naona kilo hizi, nimeshindwa kuelewa, naomba unioneshe." Sentensi hii ina kila kitu, heshima, siri, ushahidi, na mlango wa yeye kutokea. Akiwa na maelezo atakupa. Akiwa ameiba ataanza kufoka, na hapo umeshajua cha kufanya, chukua wawili, halafu mkutano mkuu.

Kwa mkubwa asiyeambilika kuna njia ya Natani, 2 Samweli 12, aliyemwambia mfalme Daudi hadithi ya tajiri aliyenyang'anya kondoo mmoja wa maskini, mfalme akakasirika akahukumu, kumbe amejihukumu mwenyewe. Wazee wetu wanapenda sana njia hii na wanaiweza. Tofauti yake na stetasi ni kwamba Natani alikuwa amekaa mbele ya Daudi na mwisho akasema wazi, ni wewe.

Hatua ya 5. Grupu likishawaka

Sasa umeamka asubuhi, grupu la WhatsApp la jumuiya au la wakulima lina meseji mia na kitu, kuna voisi, kuna skrinishoti, jina la mtu limetajwa, wengine wanaweka vicheko. Ufanye nini?

Usikae kimya ukadhani umejitoa. Kwenye grupu kimya cha mtu anayeheshimika kinasomeka kama ndiyo. Ila pia usiingie na insha ya mistari kumi ya Biblia, utawasha upya. Angalia Gamalieli kwenye Matendo 5. Baraza limechomwa mioyo linataka kuwaua mitume. Akasimama, akaomba kwanza wale mitume watolewe nje kidogo, yaani alianza kwa kupunguza joto la chumba, halafu akasema maneno machache, jihadharini na mnachotaka kuwatenda watu hawa, akakumbusha mambo mawili yaliyotokea nyuma, basi. Mitume wakachapwa kweli, ila hawakuuawa. Wakati mwingine utakachookoa ni hicho tu, na ni kikubwa.

Andika kitu kama hiki: "Ndugu zangu, aliyetajwa hapa hajapewa nafasi ya kusema. Mwenye risiti au ushahidi aulete kwenye mkutano wa Jumamosi, mi ntakuwepo. Adimini naomba ufunge grupu kwa leo." Mfupi, hauna upande, na una mahali pa kupeleka hasira. Halafu mpigie mhusika simu, usimtumie meseji, piga, umwambie jina lako limetajwa na mi sijaamini kitu mpaka nikusikie. Watu waliowahi kusemwa watakwambia, siku ile simu haikuwahi kulia hata moja.

Kufowadi ni kusema. Hakuna cha "nimeleta kama ilivyopokelewa". Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ipo, taarifa za uongo za mtandaoni zinaweza kukupeleka mahakamani kabisa, kwa hiyo hata asiyeogopa amri ya nane ana kitu cha kuogopa.

Hatua ya 6. Neno la kumtoa mtu shimoni

Mpaka hapa nimesema zaidi habari za kuzuia kifo. Uzima nao una kazi yake, na una masharti mawili, liwe neno la kitu maalum na liwe na miguu. Yakobo 2:16 anamcheka anayemwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe halafu hampi kitu.

Chukua binti wa kidato cha pili kapata mimba. Baba anasema "toka, we si mwanangu". Hiyo sentensi huwa inasemwa kwa hasira ya usiku mmoja, ila binti anatembea nayo mpaka Dar na huko mnajua anakutana na nini. Serikali ilishabadilisha utaratibu tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni kwenye mfumo rasmi, lakini mabinti wengi hawarudi kwa sababu nyumbani hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo neno la uzima hapa sio "Mungu atakuwa nawe mwanangu" peke yake. Neno la uzima ni "ukishajifungua mtoto atabaki na bibi, mi na mama yako tutakwenda na wewe kwa mkuu wa shule." Barnaba alifanya hivyo kwa Sauli wa Tarso, Matendo 9:27. Wote Yerusalemu wanamwogopa, hakuna anayeamini ameokoka. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akawasimulia mwenyewe. Alimchukua na akasema, vyote viwili.

Halafu kuna mtu anayekwambia "nimechoka, bora nife". Hapa tunakosea sana kwa kukemea, "kwani we huna imani? kujiua ni dhambi!" Usiseme hivyo, unamfunga mdomo na ataondoka na siri yake. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo la kujiua, kunampunguzia mzigo. Kaa naye, usimwache peke yake, na dawa za korosho zilizoko ndani, salfa na viuatilifu vyote, zitoe zipeleke kwa jirani bila kelele. Kisha mpeleke hospitali, Ligula kama mko Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda, Nyangao, Mkomaindo, popote pa karibu, na umsindikize mpaka ndani. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, ile ndo ilikuwa wiki yao nzuri. Walipofungua midomo kumtafutia dhambi yake ndo wakaharibu.

Hatua ya 7. Kama neno lako limeshatoka

Kuungama ni lazima ila hakumalizi. Katekisimu namba 1459 inasema wazi, ondoleo linaondoa dhambi lakini haliponyi madhara yote iliyoleta, inabidi ufanye unachoweza kurekebisha, na imetaja kabisa kurudisha vitu vya wizi na kurudisha sifa ya uliyemsingizia. Imeviweka pamoja. Kwa hiyo ukishatoka kwa padre kazi ndo inaanza.

Ulilolisemea kwenye grupu lifutie kwenye grupu hilo hilo. Kufuta meseji kwa wote hakutoshi, walishaisoma na wengine walishapiga skrini. Andika jina lake na ulichosema: "Wiki iliyopita nilisema fulani kachukua kilo za wakulima. Nilisema bila kujua. Nimeona risiti, sio kweli. Naomba anisamehe, na nyie muliolipeleka mbele naomba muwaambie mliowaambia." Ile ya "kama kuna mtu nimemkwaza anisamehe" haimrudishii mtu kitu, haitaji hata nani kakwazwa. Ulilosemea kisimani, rudi kisimani. Kwenye uraka, wafuate waliokuwa kwenye uraka, ila asubuhi.

Kama ulilosema lilikuwa kweli, hapo ni pagumu, huwezi kusema nilidanganya maana utakuwa unaongeza uongo juu ya usengenyaji. Unachoweza ni kuacha kulisema, kukiri mbele ya wale wale kwamba hukupaswa kulisema, na kutafuta mema yake ambayo nayo ni kweli uyaseme kwa watu wale wale. Yapo, mtafute. Alimlipia nani ada, alimbeba nani usiku kwenye pikipiki kwenda kujifungua.

Na yeye mwenyewe umwendee kabla ya tangazo, umwoneshe utakachoandika, kuna mtu hataki jambo lake litajwe tena na ana haki hiyo. Akikataa kukusamehe mpe muda, usimtumie wazee, katekista na mama mkwe wake kumbana wiki nzima. Na kama neno lako lilimgharimu kazi, mfano ukarani ameshatolewa, basi siku ya mkutano mkuu wa uchaguzi wa AMCOS uwepo mapema, unyooshe mkono, useme mbele ya wanachama wote kwamba yale maneno yalianzia kwako na hayakuwa kweli, halafu ndo wapige kura.